Je, ni salama kuendesha fomula za makarani ndani ya vm2?

Swali: "Ninatengeneza programu, na niko Tabora mjini. Nimeunda mfumo wa kukokotoa malipo ya wakulima wa tumbaku, na unatumiwa na AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) kadhaa za Urambo, Kaliua na Sikonge. Kwa kuwa kila chama kina makato yake, niliweka ukurasa ambao karani anaandika fomula ya chama chake kwa JavaScript, na seva inaiendesha ndani ya maktaba ya vm2 ili isiguse sehemu nyingine za mfumo. Juzi nilipoendesha npm audit, amri inayokagua udhaifu wa maktaba, nilipata onyo la kiwango cha juu kabisa kwamba msimbo unaweza kutoroka kizimbani. Nimeshazuia maneno 'require' na 'process' kwenye fomula, na mfumo wote uko ndani ya kontena la Docker, lililotengwa na sehemu nyingine za seva. Mwenzangu anasema inatosha, maana makarani wetu si wadukuzi. Masoko yanakaribia kufunguliwa. Niendelee hivi hivi, au nivunje kila kitu nianze upya?"

Ndugu msomaji, swali lako lina mambo mawili ndani yake: kama onyo hilo linakuhusu wewe mwenye mfumo mdogo wa vyama vichache, na kama vizuizi viwili ulivyoweka vinatosha kukuvusha msimu huu. Onyo linakuhusu moja kwa moja, na vizuizi hivyo havitoshi. Hata hivyo, huna haja ya kuanza upya. Sehemu inayopaswa kubadilika ni ndogo kuliko unavyohofia, na inaweza kukamilika kabla ya robota la kwanza la tumbaku kupandishwa kwenye mizani. Nitakueleza kwanza mwanya wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu bila kuuelewa utashawishika kuuziba kwa neno jingine la kuzuia.

Fomula ya karani inapoendeshwa ndani ya vm2, inaendeshwa katika mchakato uleule unaoendesha mfumo wako. Injini ya V8, inayoendesha JavaScript, ni moja, mchakato ni mmoja, mtumiaji wa mfumo endeshi ni mmoja, na haki za kusoma mafaili na kufungua miunganisho ya mtandao ni zilezile. Linux haijui kwamba sehemu hii ya msimbo ni yako na ile ni ya karani. Mpaka uliopo umejengwa na JavaScript yenyewe, kwa kuhakikisha kwamba msimbo wa ndani haupati kamwe rejeo la kitu halisi cha nje. Rejeo moja tu likivuja, mpaka wote umekwisha.

Tazama linavyovuja. Chukua hali iliyo rahisi zaidi, yaani moduli ya `vm` inayokuja na Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva. Unaipa fomula objekti iitwayo `mkulima`, yenye kilo, daraja na bei. Objekti hiyo ilizaliwa katika ulimwengu wa nje, kwa hiyo `mkulima.constructor` ni funksheni ya `Object` ya nje. Ukiuliza tena `constructor` ya funksheni hiyo, unapata `Function` ya nje, ambayo hupokea maandishi na kuyageuza kuwa msimbo unaoendeshwa. Sasa mtu anaandika `mkulima.constructor.constructor('return process')()`, na mkononi mwake kuna `process` halisi ya seva yako, yaani objekti inayodhibiti mchakato mzima. Kutoka hapo hadi kwenye moduli ya `child_process` na amri yoyote ya Linux ni hatua moja fupi. Hakuna hitilafu iliyotumiwa hapo: lugha imefanya kazi kama ilivyokusudiwa, na ndiyo maana nyaraka rasmi za Node.js zinasema wazi kwamba moduli ya `vm` si nyenzo ya usalama na isitumiwe kuendesha msimbo usioaminika.

Maktaba ya vm2 iliandikwa ili kuziba pengo hilo. Kila objekti inayovuka kuingia au kutoka hufungwa ndani ya proksi, na proksi hiyo hukagua kila kinachoombwa, ili ukiuliza `constructor` upewe ile ya ndani na si ya nje. Ni kazi ya ustadi, na walioifanya wanastahili heshima. Ugumu ni kwamba mbinu hii inadai kujua kila njia ambayo kitu kinaweza kuvuka, ilhali injini ya JavaScript ina njia zake ambazo hazipiti mlangoni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ujumbe wa kosa. Msimbo unapokosea, V8 hutayarisha orodha ya miito iliyofikisha kwenye kosa hilo, na kama kuna funksheni iitwayo `Error.prepareStackTrace`, humkabidhi mwenye funksheni hiyo objekti zinazoeleza kila mwito, ikiwemo miito ya nje ya kizimba. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Oxeye walionyesha mwaka 2022 kwamba msimbo wa ndani ukiibadilisha objekti ya `Error` kwa ile uliyoitunga wenyewe, hupokea objekti za nje ambazo hazijafungwa na proksi yoyote. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2022-36067 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, na ukali wa 10 kati ya 10, na ulirekebishwa katika toleo la 3.9.11.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikushauri usisubiri kiraka kingine. Mwezi wa Aprili 2023 pekee yalitolewa matoleo 3.9.15, 3.9.16 na 3.9.17, kila moja likiziba njia nyingine ya kutoroka, zote zikitokana na namna makosa yanavyoshughulikiwa, na mwezi wa Mei likaja la 3.9.18. Julai 2023 zilitangazwa njia nyingine mbili, CVE-2023-37466 iliyopitia `Promise` na CVE-2023-37903 iliyopitia funksheni ya ukaguzi wa objekti ya Node.js, na mtunzaji wa maktaba akatangaza kuisitisha na kuwaelekeza watumiaji kwenye maktaba nyingine, isolated-vm. Ukikutana na toleo lililotolewa baada ya hapo, jiulize kama msingi wa usanifu umebadilika. Kama bado ni proksi ndani ya mchakato mmoja, tatizo la asili lipo palepale, hata kama mianya inayojulikana leo imezibwa.

Umewahi kuona nyumba ya kupanga ambayo kuta za vyumba haziishii kwenye bati. Mlango una kufuli, kufuli ni zuri, lakini anayeweza kupanda ukuta ataingia chumba cha pili kwa juu, kwa sababu paa ni moja. Kubadilisha kufuli hakugusi tatizo hilo.

Nisingependa udhani kwamba hii ni aibu ya JavaScript peke yake. Python ilikuwa na moduli za `rexec` na `Bastion` kwa kazi hiyohiyo, zikazimwa tangu Python 2.3 na kuondolewa kabisa Python 3. Victor Stinner, aliyeandika pysandbox, kizimba kingine cha Python, alitangaza mwaka 2013 kwamba mradi wake umeshindikana kwa usanifu wenyewe. Java ilikaa na Security Manager, mlinzi wake wa ndani dhidi ya msimbo usioaminika, kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha ikaitangaza kuwa ya kuachwa katika Java 17 mwaka 2021 na kuizima moja kwa moja katika Java 24 mwaka 2025. Jamii tatu tofauti za waandishi wa lugha, zenye wataalamu wa kutosha, zimefika mahali pamoja: lugha yenye uwezo kamili haiwezi kujilinda dhidi ya msimbo wake yenyewe ndani ya mchakato mmoja kwa kiwango unachoweza kukitegemea pale penye fedha za watu.

Nirudi kwenye vizuizi vyako. Kuzuia maneno hakufai kitu, na ningependa ukiondoe kizuizi hicho ili kisikupe faraja isiyo na msingi. JavaScript inamruhusu mtu kuandika `mkulima['con' + 'structor']`, na inamruhusu kuandika `'return pro' + 'cess'` ndani ya maandishi. Tena inakubali herufi ya jina iandikwe kwa namba yake ya Unicode, kwa hiyo `proc\u0065ss` husomwa na injini kama `process` ilhali kichujio chako kimepita bila kuona lolote. Utaongeza neno la tatu na la nne, na hutafika mwisho.

Kuhusu makarani, mwenzako anasema kweli kwamba si wadukuzi, lakini swali analojibu silo. Swali ni nani anaweza kuandika kwenye kile kisanduku cha fomula. Jiulize ni AMCOS ngapi ambazo nywila ya karani inajulikana na meneja, mhasibu na kijana anayekuja kusaidia wakati wa masoko. Fikiria karani anayetumiwa fomula kwa WhatsApp na mtu anayedai imetoka ofisini kwenu, naye anainakili na kuibandika kama ilivyo. Halafu pima kinachoweza kuharibika. Anayetoroka kizimba cha chama kimoja anafika kwenye kanzidata ya vyama vyote, yaani majina ya wakulima, namba zao za simu na za akaunti, kilo walizouza na madeni yao ya pembejeo. Si lazima aibe papo hapo. Anaweza kubadilisha namba za akaunti chache kimya kimya na kusubiri siku ya malipo, na mkulima aliyekaa miezi shambani na kwenye bani la kukaushia tumbaku ndiye atakayesimama mbele ya dirisha la benki akiambiwa fedha zake zimeshalipwa. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali neno "inatosha".

Docker ina thamani, ila umeiweka mahali pasipofaa. Kontena lako linazunguka mfumo wote: fomula iko humo, na nywila ya kanzidata iko humo humo, pengine kama kigezo cha mazingira kinachosomeka kwa `process.env`. Mshambuliaji aliyetoroka vm2 hana haja ya kutoka kwenye kontena, maana kila alichokitaka kiko naye ndani. Kontena pia hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi na seva iliyolibeba, na runc, programu inayoendesha makontena mengi, iliwahi kuwa na mianya ya kutorokea nje: CVE-2019-5736 mwaka 2019 na CVE-2024-21626 mwezi wa Januari 2024. Kontena ni safu nzuri ya pili. Safu ya kwanza bado huna.

Sasa njia zilizopo, kwa mpangilio ambao ningezifikiria mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti chako.

Kwanza zisome fomula zenyewe. Una vyama kadhaa tu, na nina hakika ukizipanga mezani utaona kwamba karibu zote zinazidisha kilo kwa bei ya daraja, zinabadilisha dola kuwa shilingi, zinatoa mkopo wa pembejeo, zinatoa ushuru wa chama kwa asilimia au kwa kilo, na hapa na pale kuna sharti kwamba makato yasizidi kiasi fulani cha mauzo. Kwa idadi hiyo, jambo la busara kuliko yote msimu huu ni kuziandika wewe mwenyewe kama funksheni za kawaida ndani ya msimbo wako, kila chama na yake, na kufunga ule ukurasa wa kuandikia. Utapoteza urahisi: karani akitaka kubadilisha asilimia itabidi akupigie simu, isipokuwa kama utaziweka asilimia hizo kama namba kwenye fomu ya kawaida, jambo ambalo ni salama na linatosheleza mengi. Faida nyingine ni kwamba kila badiliko litakuwa na tarehe na mwandishi, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akiuliza kwa nini makato ya mwezi fulani yalipanda utakuwa na cha kumwonyesha.

Ikiwa vyama vinaongezeka na lazima karani aandike fomula mwenyewe, mpe lugha ndogo ya hesabu badala ya JavaScript. Namaanisha lugha yenye namba, majina ya vigezo uliyoyaorodhesha wewe, alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, ulinganisho, sharti la "kama", na funksheni mbili tatu kama kikomo cha chini na cha juu. Kichanganuzi chako kinasoma maandishi, kinajenga mti wa hesabu, kisha kinaupitia tawi kwa tawi. Hakuna nukta ya kuingia ndani ya objekti, hakuna mabano ya mraba, hakuna maandishi, hakuna kitanzi. Lugha hiyo ni salama kwa sababu haina namna ya kutamka `process`, na kisichoweza kutamkwa hakihitaji kuzuiwa. Hapa kuna mtego mmoja ambao watu wengi hunaswa nao: usihifadhi vigezo kwenye objekti ya kawaida, kwa sababu karani akiandika kigezo kiitwacho `constructor`, objekti ya kawaida itampa kitu ambacho hukukiweka. Tumia `Map`, au objekti iliyoundwa kwa `Object.create(null)`, na ukatae jina lolote lisilo kwenye orodha yako. Weka pia kikomo cha urefu wa fomula na cha kina cha mabano. Ukiamua kuchukua maktaba iliyokwisha andikwa badala ya kuandika yako, ikague kwa jicho lilelile. Maktaba ya expr-eval, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, ilitangaziwa mwaka 2025 udhaifu namba CVE-2025-12735, ambapo funksheni zilizopitishwa kupitia vigezo ziliweza kuendesha msimbo wowote.

Njia ya tatu ni kuendelea na JavaScript kamili, na siipendekezi kwako, ila nitaieleza kwa sababu msomaji mwingine anaweza kuwa hana budi, mathalani mwalimu wa chuo anayesahihisha programu za wanafunzi. Hapo mpaka lazima ujengwe na mfumo endeshi. isolated-vm ni bora kuliko vm2 kwa sababu inatumia uwezo wa V8 wa kutenga kumbukumbu kabisa, kiasi kwamba hakuna objekti inayoshirikiwa isipokuwa ile uliyoivusha kwa makusudi. Lakini nayo bado imo ndani ya mchakato wako, na waandishi wake wanaonya kwamba ukiuachia msimbo usioaminika ushike objekti za maktaba yenyewe umeufungulia njia. Kwa hiyo iendeshe katika mchakato tofauti, chini ya mtumiaji wa Linux asiye na haki yoyote, ndani ya kontena lake peke yake lisilo na mtandao (`--network none`), lisiloandikika (`--read-only`), lililonyimwa haki za ziada (`--cap-drop ALL`), na lenye kikomo cha kumbukumbu na cha idadi ya michakato. Kumbuka kwamba Node.js ikizaa mchakato mpya humrithisha vigezo vyote vya mazingira usipoizuia. Mpe mazingira matupu, la sivyo nywila ya kanzidata itamfuata huko huko. Muda ukiisha, uue mchakato kutoka nje, kwa sababu kikomo cha muda kilicho ndani ya maktaba kinaweza kukwepwa na msimbo unaoahirisha kazi yake. Panapohitajika mpaka mnene zaidi kuna gVisor ya Google na Firecracker ya Amazon, ambayo huendesha kila kazi ndani ya mashine pepe ndogo, lakini kwa mfumo wa makato ya tumbaku hiyo ni gharama na usimamizi usiouhitaji.

Kuhusu ruhusa za Node.js zinazowashwa kwa `--permission`, zinasaidia kuzuia makosa ya msimbo unaouamini. Nyaraka zake zenyewe zinasema hazitoi hakikisho dhidi ya msimbo wenye nia mbaya.

Kwa leo hii, kabla hujaandika mstari wowote mpya, funga uandishi wa fomula na ubakize usomaji tu. Pitia kila fomula iliyohifadhiwa, pamoja na za zamani kama unazitunza, ukitafuta chochote kisicho hesabu: `constructor`, `Error`, `Promise`, `async`, `Proxy`, mabano ya mraba yenye maandishi, au alama ya `\u`. Badilisha nywila ya kanzidata na funguo zote ambazo mchakato huo ulikuwa unazisoma, ziwe za benki, za ujumbe mfupi au za hifadhi nakala. Kisha linganisha namba za akaunti za wakulima zilizopo sasa na zile za nakala ya kanzidata ya kabla ya kuwasha mfumo wa fomula, na kila tofauti iulizwe chama husika kwa simu, kwa namba unayoifahamu tangu zamani. Ukimaliza kichanganuzi kipya, kipe fomula ile niliyoiandika juu. Inapaswa kukataliwa wakati wa kusomwa, mara inapofika kwenye nukta ya kwanza, kabla hesabu yoyote haijaanza. Ikikataliwa baadaye kuliko hapo, huenda kuna sehemu bado inaendesha msimbo.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukusaidia, na hapo usijaribu peke yako. Ukikuta fomula yenye msimbo wa kutoroka, ufunguo usioufahamu ndani ya `authorized_keys` (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwenye seva), kazi ya cron, yaani inayojiendesha kwa ratiba, ambayo hukuiweka, seva inayozungumza na anwani ya nje usiyoijua, au akaunti ya mkulima iliyobadilika bila maelezo, usifute na usisakinishe upya, kwa sababu utafuta ushahidi. Itenge seva hiyo na mtandao, iache ikiwa imewashwa kama inawezekana, na umwite mtu mwenye uzoefu wa uchunguzi wa kidijitali aje akae nayo. Taarifu viongozi wa vyama mara moja ili malipo yasimame, toa taarifa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na fungua jalada polisi, kwa kuwa kuingilia mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa kuwa unatunza taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakugusa wewe pamoja na vyama, kwa hiyo mhusishe mwanasheria mapema. Na hata usipokuta dalili yoyote, tafuta mtu asiyeshiriki kuandika mfumo huo, umpe siku mbili tatu za kuushambulia kwa idhini yenu ya maandishi, kwenye nakala isiyo na taarifa halisi za wakulima, kabla masoko hayajafunguliwa.